Aliyerudia unga asifungiwe mlango

Ndugu Mhariri,

Sisi tunaohudumia waraibu wa heroini hapa Tanga huulizwa tunapata faida gani, ilhali kijana aliyetoka kwetu ana siha njema huonekana tena maskani akisinzia kwa unga. Methadoni, dawa ya kutuliza hamu ya heroini iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, hunywewa kila siku, kwa kawaida mbele ya mhudumu, kwa kuwa uraibu ni maradhi sugu, na kurudia ni sehemu yake. Anayerejea akitetemeka kwa arosto (maumivu ya kukosa unga) ameshajua pa kubisha hodi, na hapo ndipo ninapoiona maana ya kazi hii, si katika hesabu ya waliopona. Akina baba (akina mama huwa hawahitaji kuambiwa) wasiwafukuze vijana hawa, maana aliyekaa muda bila kutumia, kisha akarudia kipimo chake cha zamani ambacho mwili haukihimili tena, anaweza kufa siku hiyo hiyo.

Mhudumu wa waraibu,
Tanga