Barua ya wazi kwa Mheshimiwa unayesimamia dawa zetu: baba ameanguka kizingitini

Assalamu alaykum, Mheshimiwa.

Mwaka jana ulipokuja kwetu Wete ukazungumza kwenye uwanja wa skuli, baba yangu alikuwepo. Tulimkalisha mbele kwenye kiti cha plastiki ili asikie vizuri. Ulituahidi kuwa mzee wa Pemba hatavuka tena bahari kufuata dawa. Baba alishangilia kwa kujipiga paja na mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia hautulii. Imepita miezi 14. Ijumaa iliyopita, alfajiri, baba alianguka mlangoni mwa msikiti.

Alikuwa amekaa siku 19 bila ya dawa. Alipofika kizingitini miguu iligoma, kiwiliwili kikaenda mbele, akatangulia na mkono. Umevunjika. Wenye maradhi haya, maradhi ya Parkinson, ya ubongo, yanayomtetemesha mtu na kumkakamaza, huganda hasa kwenye milango na njia nyembamba, na dawa ikikatika ghafla mwili hukakamaa. Wengine hushikwa na homa kali inayoweza kuwaua. Haya nimeyasoma mwenyewe usiku kwenye simu, baba akiwa anaugulia chumba cha pili. Katika vituo vyote tulivyozunguka hakuna aliyetutahadharisha.

Naomba nikurudishe nyuma kidogo, maana dawa ni nusu tu ya uchungu wangu.

Baba ni mtu wa mikarafuu tangu ujana wake. Msimu mmoja tulikuwa uwanjani usiku tunachambua, karafuu huku, makonyo kule, mama akasema leo harufu imezidi. Baba akauliza, harufu gani? Tukacheka, tukadhani ana mafua. Mheshimiwa, wewe unajua Pemba inavyonuka wakati wa mavuno. Mtu hahitaji kuambiwa. Kile kicheko mpaka leo kinaniuma. Kipindi hicho hicho alianza kufunga choo, siku tano, siku sita, tumbo limejaa kama ngoma. Kila alikokwenda alipewa dawa ya kulainisha akaambiwa ni uzee. Alikuwa na miaka 54. Mkono ulianza kutetemeka baada ya miaka tisa, na hapo tena wengine wakatwambia amechezewa, tukahangaika kwa waganga mwaka mzima.

Kumbe tumbo na pua vilikuwa vinasema. Daktari wa London, James Parkinson, aliyeyaeleza maradhi haya mwaka 1817, alitaja na tabu ya choo. Mwaka 2003 mtaalamu wa Ujerumani, Heiko Braak, na wenzake walitoa hoja kwamba huenda maradhi yenyewe yanaingilia puani na tumboni: protini iitwayo alfa-sinukleini inaharibika umbo, inagandana, kisha uharibifu unapanda mpaka kwenye ubongo kwa kufuata neva ya vagasi, inayounganisha matumbo na ubongo. Mwaka 2016 watafiti wa California walichukua panya waliofanywa watengeneze protini hiyo kupita kiasi. Waliolelewa bila ya bakteria tumboni hawakuathirika sana katika kutembea. Walipotiwa bakteria kutoka kwa wagonjwa wa Parkinson, hali yao ikawa mbaya kuliko ya wale waliotiwa bakteria wa watu wazima wa afya.

Najua panya si baba yangu. Najua pia wataalamu hawajakubaliana kwamba kila mgonjwa yake yameanzia tumboni, na sikuandikii kudai hivyo. Lakini kufunga choo na kupotewa na harufu kunaweza kutangulia mtetemeko kwa miaka mingi, na hili limeshajulikana. Kumuuliza mzee maswali mawili, unanusa, unapata choo, hakuhitaji mashine wala umeme. Miaka tisa hakuna aliyemuuliza baba yote mawili kwa pamoja.

Hata dawa yenyewe njia yake ni tumboni. Levodopa, ndiyo hiyo dawa ya baba, hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, kisha ikifika kwenye ubongo hugeuzwa dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuendesha viungo, ambayo ndiyo iliyompungukia baba. Samaki, nyama na maziwa hushindana nayo kupenya. Sisi kwa miezi minane tulikuwa tukimpa kidonge pamoja na supu ya changu, kwa mapenzi, ili asiumwe na tumbo, kisha tukishangaa mbona hakimsaidii. Na mwaka 2019 watafiti walionesha kuwa wapo bakteria wa utumboni wanaoivunja dawa hii kabla haijafika kwenye ubongo. Kwa hiyo mgonjwa anahitaji mtu wa kumfuatilia, wa kumwambia meza nusu saa kabla ya kula, wa kumtazama na choo chake. Baba alipewa pakiti, akaambiwa kwaheri.

Juzi jirani, Mungu amlipe kwa nia yake, alituletea mbegu za upupu. Ni kweli zina levodopa ndani yake. Lakini mimi nitampimiaje baba dozi, kwa kiganja? Nimeziweka juu ya kabati. Nakiri kwamba siku ya 17 nilizishika.

Nadhani dawa inakatika kwa sababu hatuhesabiwi. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipopita nyumba kwa nyumba, wengi wa wagonjwa waliowakuta walikuwa hawajapata kuambiwa wana maradhi gani. Kama kule ni hivyo, hapa Pemba wako wangapi ndani ya nyumba, wamefichwa, wanaitwa wazee? Asiyeandikwa haagiziwi dawa. Pengine nimekosea sababu, na ukinieleza nyengine nitasikiliza. Lakini Shirika la Afya Duniani limeiweka levodopa pamoja na kabidopa, dawa mwenzake inayoilinda mpaka ifike kwenye ubongo, katika orodha ya dawa muhimu. Kwetu muhimu yake iko wapi, Mheshimiwa, ikiwa lazima nipande boti?

Maana nilipanda. Jumapili, bahari chafu, nimemwacha baba na mkono wake umefungwa, nikaenda Unguja nikanunua kwa fedha ya ada ya mwanangu. Nilipata za siku 20 tu.

Sikuombi hospitali mpya. Sikuombi hata mtaalamu wa ubongo, ingawa tunamhitaji. Naomba kidonge hiki kiwepo Pemba, kila mwezi, kisikatike. Uliahidi mbele yake na anakumbuka; kila asubuhi ananiuliza kama yule Mheshimiwa ameshaleta.

Leo zimebaki za siku 13.

Wako,
Mtoto wa mkulima wa karafuu, Wete, Pemba