Neno "Berlin" kwenye bunduki kuukuu

Mhariri,

Bunduki kuukuu ikiokotwa kusini mwa Tanzania, magazeti huiita ama "gobori" ama "bunduki ya Mjerumani". Gobori hushindiliwa baruti kupitia mdomo wa mtutu. Yenye bolti, yaani kipande cha chuma kinachovutwa nyuma kwa mkono ili kupakia risasi, si gobori, na hilo halihitaji maneno mengi. Linalopotosha zaidi ni neno "Berlin" lililochongwa kwenye chuma, maana si kila bunduki yenye neno hilo iliundwa kwa ajili ya jeshi la Wajerumani.

Kiwanda cha Deutsche Waffen- und Munitionsfabriken cha Berlin kiliwaundia Wareno bunduki ya Mauser-Vergueiro ya 1904. Jina la kiwanda limechongwa ubavuni kushoto, lakini juu ya chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi) kuna taji na herufi C na I zilizosukwa pamoja: alama ya Mfalme Carlos wa Kwanza wa Ureno. Tarehe 25 Novemba 1917, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji, akaiteka kambi ya Wareno ya Ngomano, na askari wake wakabeba silaha walizozikuta. Kwa hiyo bunduki moja huenda ilitumikia majeshi mawili.

Taji likiwa limeliwa na kutu, tazameni bolti. Kwenye Vergueiro, mkono wa bolti hupita katika mpasuo wa daraja la chuma lililo juu yake. Kwenye Gewehr 98 ya Kijerumani daraja halina mpasuo, na mkono hukaa nyuma yake. Mauser ya 1871, waliyokuwa nayo askari wengi wa Wajerumani mwanzoni mwa vita hivyo, nayo ina mpasuo, ila haina magazini (kisanduku cha risasi): hupakiwa risasi moja moja, na mtutu wake ni wa milimita 11. Vergueiro ni 6.5, Gewehr 98 ni 7.9. Lakini msitegemee kipimo peke yake. Kutu hupanua mdomo wa mtutu, tena baadhi ya Vergueiro zilikuja kubadilishwa Ureno zitumie risasi za 7.9.

Kabla ya yote, polisi wahakikishe chemba ni tupu. Kisha mafuta mepesi na kitambaa. Msasa hapana kabisa! Taji limechongwa kwa kina kidogo, nalo ndilo la kwanza kufutika, likishafutika halirudi. Pakeni chaki, mfute juujuu ibaki ndani ya michoro, halafu mmulike tochi kutoka ubavuni, si kwa juu. Linganisheni pia namba ya bolti na ya mwili wa bunduki, maana bolti ngeni humfanya mtu asome historia ya bunduki nyingine.

Tunawaomba waandishi wapige picha ya juu ya chemba, si ya kitako pekee.

Wasomaji wenu,
Mtwara