Vibete vyekundu si nyota zinazokufa

Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma tangu nikifundisha fizikia hadi nikastaafu, na sijawahi kukuandikia. Ile taarifa yenu kuhusu vibete vyekundu, yaani nyota ndogo, hafifu, zenye joto pungufu kuliko Jua, imenishinda kunyamazia. Mlisema ni nyota zee zinazokaribia kuzimika, mkaweka na picha ya Betelgeuse. Betelgeuse ni jitu kuu jekundu, pana kuliko Jua mara mamia, na ndiyo iliyokaribia mwisho wake.

Chukua kibete chekundu Proxima Centauri, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote ukiondoa Jua, umbali wa miaka ya nuru 4.24, yaani nuru yake husafiri miaka 4.24 kutufikia. Mwanaastronomia Robert Innes aliigundua mwaka 1915 akiwa Johannesburg, hapa hapa Afrika, jambo ambalo mwandishi wenu hakuligusa. Uzito wake ni kama asilimia 12 ya Jua, lakini nuru yake haifikii hata sehemu 2 kwa 1,000 ya nuru ya Jua. Inachoma haidrojeni yake kidogo kidogo mno, kwa hivyo itaishi matrilioni ya miaka. Ulimwengu wenyewe una bilioni 13.8 tu. Hakuna kibete chekundu hata kimoja kilichowahi kufa kwa uzee!

Binti wa jirani yangu, aliye kidato cha tatu, aliyajua haya. Nilimpeleka uwanjani, akasimama kwenye goli moja akautazama mlingoti wa bendera dhidi ya ukingo wa kreta ya Menengai kule mbali, kisha akaenda goli la pili akaona mlingoti umehama. Ndivyo umbali wa nyota za karibu unavyopimwa, goli moja likiwa Dunia ilipo Januari na la pili Julai. Ukishapata umbali, unajua nuru halisi. Spektra, yaani nuru ya nyota ikitawanywa katika rangi zake, inakupa joto: Proxima ni karibu nyuzi 2,700 za Selsiasi, Jua 5,500. Nuru na joto vinakupa upana, kama sehemu moja ya saba ya Jua. Yote aliyachora kwenye bango kwa rula na kalamu nyekundu. Siku ya mashindano ya sayansi, jaji akatoa gazeti lako mkobani, akamsomea mbele ya watu, akamkata alama. Mtoto alibaki kasimama na rula mkononi, hana la kusema. Niliponyanyuka kumtetea nikaambiwa wageni hawaruhusiwi kuzungumza. Mhariri, nililala na hasira siku ile, na bado ninayo.

Na wanaotaka kujionea wenyewe nao wanazuiwa. Sisi wa Nakuru tunaiona nyota angavu Alpha Centauri upande wa kusini jioni za Juni. Watu wa London hawaioni kamwe. Proxima iko ubavuni mwake, ingawa bila darubini huioni. Lakini mtaani kwetu wamesimika mulika mwizi, taa kubwa ya usalama, inayorusha mwanga mawinguni usiku kucha. Usalama tunautaka, ila taa hizo zifunikwe kwa juu, zimulike njia.

Ninachoomba ni sahihisho kwenye ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule, likitaja umbali, joto, uzito na upana wa Proxima, na kila kimoja kilivyopimwa. Picha ya Betelgeuse irudieni, safari hii ikiwa na jina lake. Lichapishwe kabla muhula huu haujafungwa, maana binti huyo anashindana tena.

Mwalimu mstaafu,
Lanet, Nakuru