Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Shughuli za mwaka mnazijua, sitazirudia kirefu. Tulicheza mechi 19 za kriketi, tukashinda 11, tukashindwa 6, mbili zikasombwa na mvua. Watoto wa shule waliendelea kuja Jumamosi asubuhi. Rola ya kushindilia uwanja ilitengenezwa. Mashine ya kukata nyasi iliharibika, ikatengenezwa, ikaharibika tena. Paa la stoo halivuji tena, na fundi nilimtafuta mimi. Mapato yalikuwa shilingi 412,600 na matumizi 431,150. Pengo la 18,550 nimeliziba kwa mfuko wangu, na sijaomba kurudishiwa, ingawa mweka hazina ameliandika kama deni.

Sasa Kisumu, maana najua wengi mmefungua taarifa hii kwa sababu hiyo.

Jumapili tarehe 14 Septemba tulisafiri kwenda kucheza mechi ya ligi bila mrushaji wetu wa kasi na bila mpigaji wetu wa kwanza. Wote wawili walikuwa wazima wa kutembea na wote wawili walitaka kucheza. Kamati iliwapumzisha ili wawe fiti kwa nusu fainali ya kombe hapa Nakuru wiki iliyofuata. Uamuzi ulikuwa wa kamati nzima, ingawa hoja niliitoa mimi na siikani. Wapigaji wetu wote walitolewa tukiwa na mikimbio 131 tu, na mikimbio ndiyo hesabu ya ushindi katika kriketi. Wenyeji waliipita katika ova ya 27 (ova ni mipira sita ya kurushwa), wiketi sita zikiwa bado mkononi, yaani wangeweza kutolewa wapigaji sita zaidi kabla ya zamu yao kwisha. Ligi ikaisha tukiwa wa tatu, alama mbili nyuma ya wa pili, na tangu siku hiyo kundi letu la WhatsApp halijalala.

Naomba mnisikilize kwa utaratibu. Kijana wetu, yule mrushaji wa kasi, ana miaka 20. Katika wikendi tatu kabla ya Kisumu alikuwa amerusha ova 46 za mechi, mbali na mazoezi ya Jumatano ambako kila mpigaji anataka kurushiwa na yeye tu. Jumatano ya mwisho nilikuwa nimekaa kwenye ngazi nikimtazama akivaa viatu. Hakuinama. Alipiga goti moja chini kwanza, kama mzee anayetafuta sarafu iliyoanguka, ndipo akafunga kamba. Nikamuuliza, akasema ni usingizi mbaya. Nikamwambia anionyeshe panapouma, akaweka kidole chini ya mgongo upande wa kushoto. Anarusha kwa mkono wa kulia.

Wanaojua mchezo huu wanajua maana yake. Mguu wa mbele unapotua, mwili wa mrushaji wa kasi hupokea kishindo cha mara kadhaa ya uzito wake, na wakati uleule mgongo unapinda na kujizungusha. Ufa huingia kwenye pingili za chini, mara nyingi upande usio wa mkono unaorusha, na vijana ndio huumia zaidi kwa sababu mfupa wa hapo bado haujakomaa. Akishapata ufa anakaa nje miezi. Picha ya eksirei aliyopigwa kijana haikuonyesha kitu, na kuna mwanachama aliyeitumia hiyo kama ushahidi kwamba tulimbembeleza bure. Ufa wa mwanzo kwa kawaida hauonekani kwenye eksirei. Hilo daktari alilisema mbele yangu na mbele ya nahodha.

Katika kikao cha Oktoba mzee wetu mmoja, ninayemheshimu sana, alisimama akauliza kama Steve Tikolo, nahodha wa Kenya, alipumzishwa katika Kombe la Dunia la mwaka 2003 tulipoilaza Sri Lanka kwa mikimbio 53 pale Nairobi. Hakupumzishwa, mzee wangu. Lakini aliyeangusha wiketi tano siku ile, yaani aliyewatoa wapigaji watano, ni Collins Obuya, na Obuya alikuwa mrushaji wa mipira ya kuzunguka, anakuja kwa hatua chache na kazi yote inafanywa na mkono. Huyo unaweza kumtumia Jumamosi na Jumapili. Mrushaji anayekimbia kutoka karibu na kamba ya mpaka ni mashine nyingine.

Mwingine akaleta habari za Waingereza waliokwenda India mwaka 2021. Ni kweli walishinda mechi ya kwanza Chennai, kisha mpigaji wao Jos Buttler akarudi nyumbani kupumzika na mrushaji wao wa kasi James Anderson akaachwa nje ya mechi ya pili, wakapigwa tatu mfululizo. Mgala muue na haki yake mpe. Lakini mbona hakuna aliyetaja Jasprit Bumrah, mrushaji wa kasi wa India? Mwaka 2025 India walitangaza mapema kwamba angecheza mechi tatu tu kati ya tano kule Uingereza, kwa ajili ya tatizo lilelile la mgongo. Wakatoka sare mbili kwa mbili, na zile mbili walizoshinda ni zile ambazo Bumrah hakucheza. Mkorofi anaweza kusema hiyo inaonyesha hawakumhitaji. Mimi nasema inaonyesha waliobaki walijua mapema kwamba kazi ni yao.

Na hapo ndipo penye kosa letu, ambalo nakubali kwa sehemu. Wachezaji waliambiwa Ijumaa saa tatu usiku, kwa ujumbe wa simu. Waliochukua nafasi zao hawakuwa wamejiandaa, na mmoja alipanda gari akiwa na pedi za kukinga miguu za kuazima, zisizolingana. Hata hivyo, kijana wa miaka 17 alirusha ova saba katika joto la Kisumu, akaruhusu mikimbio 29 tu, akaangusha wiketi mbili. Sijasikia mtu akimtaja huyo.

Kosa la pili sikulitarajia. Sisi tuliita mechi ile ndogo, lakini wenyeji hawakuwa na habari kwamba ni ndogo. Walikuwa wamepika samaki, wameweka hema, wamewaalika wazazi. Nahodha wao alipoiona orodha yetu alinyamaza, kisha akamuuliza nahodha wetu kama wenzetu wako nyuma kwenye matatu nyingine. Nimeandika barua ya kuomba radhi na nimeipeleka mwenyewe. Mafuta sikudai.

Sasa nusu fainali, ambayo wanaonilaumu wanaipita haraka kama matuta ya barabarani. Mrushaji wetu alirudi, akaangusha wiketi tano na kuruhusu mikimbio 27 tu, tukaingia fainali. Fainali tulishindwa Nairobi, lakini kwa sababu ya mipira tuliyoshindwa kuidaka, na kudaka hakuhusiani na kupumzika. Kijana alimaliza msimu akifunga viatu vyake akiwa amesimama.

Kuhusu mpigaji wetu wa kwanza, ni kweli kwamba Jumapili ile aliyopumzishwa alionekana Nairobi akicheza mashindano ya kriketi ya mtaani, inayochezwa kwa mpira wa tenisi uliozungushiwa utepe. Picha mmeiona, nami niliiona nikiwa Kericho tukirudi, gari zima kimya. Kamati ilimpumzisha, haikumfunga kamba. Nahodha alipendekeza asimamishwe mechi mbili. Nikauliza kama hiyo haitakuwa kumpumzisha tena. Alipewa onyo la maandishi.

Sasa nije kwenu. Waliotia saini kutaka kikao maalumu cha kunihoji walikuwa 24. Akidi ni 22. Walifika 19. Nilikuwepo saa nne kamili na majibu yangu yameandikwa, nikakaa hadi saa sita tukizungumza bila kuweza kupitisha chochote. Wawili walioandika ujumbe mrefu kuliko wote hawakuonekana, na mmoja wao alituma salamu kutoka Naivasha. Mazoezini hali ni hiyohiyo. Tunadai kikosi cha kuzungusha wachezaji, lakini Jumatano wanakuja tisa. Utamzungusha nani na nani?

Ada ni shilingi 4,000 kwa mwaka. Tuko 64. Waliolipa ni 27, yaani 108,000. Wengine 37 mnadaiwa 148,000, fedha ambazo zingelipa mtaalamu wa viungo aje angalau mara mbili kwa mwezi, na mwenyekiti asingelazimika kupima mgongo wa mtu kwa macho akiwa kwenye ngazi. Nambari ya malipo ya M-Pesa ni ileile ya miaka yote. Majina sitayataja. Yamebandikwa mlangoni pa stoo.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia, kupata neti mpya, kuanzisha timu ya wasichana na kuwa na mazungumzo na wahusika juu ya maji ya uwanja. Pia tunanuia kuweka daftari la ova za kila mrushaji, mechini na mazoezini. Daftari lenyewe nimeshanunua.

Mkutano mkuu ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa nne asubuhi. Viti 40 vimekodishwa. Mwaka jana tulilipia 40 vilevile na 21 vikakaliwa.

Mwenyekiti,
Nakuru