Kalenda za Asia zimo sokoni mwetu, zichapishwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nizungumzie jambo ambalo wafanyabiashara wadogo wa Mombasa wanalijua kwa mifuko yao, ingawa sijaliona likiandikwa mahali. Sikukuu za dini na mila za Asia zinapanga bei na upatikanaji wa bidhaa hapa kwetu, na tarehe zake, ambazo wenyewe wanazijua miaka mingi mbele, hazimfikii mwenye kibanda cha Mwembe Tayari au Kongowea mpaka siku anapokuta mlango wa duka la jumla umefungwa.

Mwaka huu tumeona mfano ulio wazi. Mwaka mpya wa Kichina uliangukia tarehe 17 Februari 2026, na mwezi wa Ramadhani ukaandama siku moja mbili baadaye. Asiyefanya biashara ataona ni sadfa tu. Lakini nyumba nyingi za mji huu hubadilisha mapazia, foronya na mazulia kabla ya Idi, watoto hununuliwa nguo na viatu vipya, na masufuria na sinia huanza kutafutwa tangu Shaabani; na sehemu kubwa ya mali hiyo hutoka katika viwanda vya China, ambavyo hufungwa wiki mbili, wakati mwingine karibu mwezi mzima, ili wafanyakazi warudi kwao vijijini kula pamoja na wazee wao na kuwafanyia heshima marehemu wa ukoo. Kiwanda kikifunguliwa huanza na oda zilizolimbikizana, kisha kontena husubiri meli, na meli nayo huchukua wiki kadhaa hadi Kilindini. Kwa hiyo aliyetaka mali iwe dukani Ramadhani inapoingia alipaswa kuwa ameagiza mwezi wa Novemba. Wenye maduka makubwa wana mawakala Guangzhou na Yiwu, hupashwa habari mapema. Mama anayechukua mapazia kwa mali kauli akayatembeza Kisauni nyumba hadi nyumba hana wakala, na bei iliyopanda katikati ya mwezi wa toba yeye ndiye anayelaumiwa na wateja kwamba ana tamaa.

Kilichonisukuma niandike sasa ni kwamba mkutano huu wa kalenda utajirudia. Mwaka mpya wa Kichina wa 2027 ni tarehe 6 Februari, na Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8. Mwaka 2028 ni tarehe 26 Januari, na Ramadhani inatarajiwa karibu na tarehe 28. Zitaachana mwaka 2029, Ramadhani itakapotangulia katikati ya Januari na Wachina wakangoja hadi tarehe 13 Februari. Hakuna muujiza hapa. Kalenda zote mbili huufuata mwezi wa angani, lakini Wachina huongeza mwezi wa 13 kila baada ya miaka miwili au mitatu ili mwaka wao usiachane na majira, ilhali mwaka wa Kiislamu hauongezewi mwezi, na kwa hiyo hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Wahindu nao huongeza mwezi, ndiyo maana Diwali, sikukuu yao ya taa, haitoki katika Oktoba na Novemba.

Diwali tunaiona kwa karibu zaidi, hasa sisi wenye shughuli zetu Biashara Street. Kwa Wahindu wenye asili ya Gujarat, magharibi mwa India, siku hiyo hufunga mwaka wa hesabu. Jioni yake mwenye duka huweka mbele ya picha za miungu yao Lakshmi na Ganesh daftari jipya lenye jalada jekundu, huchora alama za baraka kwa unga mwekundu kwenye ukurasa wa kwanza, huandika maneno mawili ya kuombea heri na faida, kisha huweka juu yake jani la tambuu na sarafu. Nimeliona daftari la namna hiyo kwenye duka ambalo hesabu zake zote zimo kwenye kompyuta. Lilikuwa halina hata mstari mmoja wa mauzo, lakini lilikuwapo. Baada ya hapo wapo wasiofungua biashara rasmi hadi siku ya tano ya mwaka wao mpya, wanayoiona kuwa na baraka ya kuanzia. Kwa mnunuzi wa rejareja ibada hiyo ina maana ya mambo mawili ya kidunia kabisa: siku chache zisizo na leso wala vitambaa vya jumla, na kabla yake, wiki za kuhimizwa alipe deni, kwa kuwa mwenye duka hapendi kuvuka mwaka na madeni ya wateja vitabuni. Anayeijua tarehe hujitayarisha. Asiyeijua huona ameandamwa.

Mabohora nao, Waislamu wa Kishia wenye asili ya Gujarat, ambao wengi tunawajua kwa maduka ya vifaa vya ujenzi, hufuata kalenda ya Kiislamu iliyopigwa hesabu badala ya kungoja mwandamo, kwa hiyo Ramadhani yao, yenye siku 30 daima, aghalabu hutangulia ya majirani kwa siku moja au mbili. Na katika siku kumi za kwanza za Muharram wengi wao hufunga maduka wakasikilize mawaidha. Fundi anayeanza kazi ya paa siku hizo afadhali awe ameshanunua misumari.

Sidai kwamba kila bei inapanda kwa sababu ya sikukuu. India ilipopiga marufuku tarehe 20 Julai 2023 uuzaji nje wa mchele mweupe usio basmati, sababu ilikuwa mvua na bei za ndani ya nchi yao, na hakuna kalenda ambayo ingetuonya, ingawa walaji wa pilau wa Mombasa walilipa kama wengine, kwani wanunuzi wa dunia waligeukia mchele wa Pakistani na Thailand tunaoutegemea sisi pia. Yapo pia mambo yenye sura mbili. Tarehe 28 Aprili 2022 Indonesia, mzalishaji mkubwa kuliko wote wa mafuta ya mawese, ilizuia kuyauza nje kwa karibu wiki nne. Bei duniani ilikuwa tayari juu kwa sababu ya vita vya Ukraine. Lakini serikali ile ilikuwa na wananchi walalamikaji wanaokaribia Idi, wakati ambapo kila nyumba ya huko inakaanga na kupika kwa wingi, na haikutaka wakose mafuta. Huku kwetu lilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani ile ile. Jirani yangu anayeuza bhajia na viazi karai magharibi hakupandisha bei. Alipunguza vipande, na kila mtu akaona.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Wahindi na Wachina, na kwamba gazeti likichapisha tarehe za ibada za watu wengine litakuwa linazitangaza dini zao. Sioni hivyo. Sheria yetu ya sikukuu inaitaja Diwali kuwa mapumziko kwa Wahindu, na Julai 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Wazee wetu walijua kaskazi ikivuma majahazi ya Kutch na ya Ghuba yatafika Bandari ya Kale, na kusi ikianza yataondoka, wakapanga biashara zao kwa hesabu hiyo bila yeyote kubadili kibla chake.

Ninachoomba ni jedwali dogo katika ukurasa wa biashara, mara moja kwa mwezi, likionyesha sikukuu za miezi sita ijayo, nchi zitakazofunga viwanda na kwa muda gani, na maduka gani ya jumla mjini yanayotarajiwa kufungwa. Na pale tarehe inapotegemea mwandamo, liseme hivyo. Likianza kuchapishwa Agosti litawahi Diwali ya tarehe 8 Novemba, na litawahi pia oda za Idi ya Machi 2027, ambazo kwa hesabu yangu zisipopakiwa melini kabla ya Disemba kwisha zitafika Kilindini watu wamekwisha kununua.

Muuza leso,
Kisauni, Mombasa