Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Gavana: siku zinaanza kuhesabiwa kabla barua haijafika

Mheshimiwa Gavana, salaam nyingi kutoka kwa mkazi wako hapa Marekani.

Nakuandikia kuhusu zile bahasha nyeupe zenye kidirisha cha plastiki zinazokuja kwenye masanduku yetu ya posta, za SNAP, ule msaada wa chakula wa serikali (huku kwetu tunaita fudistempu tu), za Medicaid, ile bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na za msaada wa bili ya hita. Ukitangaza programu mpya tunakuona kwenye simu, umesimama na bendera nyuma, unaongea vizuri, na programu nyingi kweli zinasaidia watu sijakataa. Ila mtu wa kawaida programu inamfikia kwa hiyo bahasha, na ndani ya bahasha kuna tarehe, na hiyo tarehe ndo inatumaliza.

Ninachoomba ni tarehe ya mwisho iwekwe juu kabisa ukurasa wa kwanza kwa tarakimu kubwa, kwa lugha ambayo familia yenyewe iliandika kwenye fomu, na barua itoke mapema kiasi cha mtu kuweza kuifanyia kazi. Basi. Hela ya kuongeza kwenye kadi ya fudistempu siombi leo.

Jina lako na la jimbo sijaliweka makusudi kabisa, maana wenzetu wa Texas, Kentucky, Ohio, Iowa na Maine wana kilio hiki hiki, na atakayeipata barua hii aweke tu jina la gavana wake pale juu aitume.

Sasa nikueleze hizo siku zinavyoenda. Ofisi ikitaka kumpunguzia au kumkatia mtu SNAP katikati ya kipindi chake, kanuni za serikali kuu zinasema kwa kawaida apewe taarifa angalau siku 10 kabla. Ukisikia hivyo unasema poa, siku 10 si haba. Lakini hizo siku zinaanza kuhesabiwa barua ikipostiwa, sio ikifika mkononi. Haya, barua itoke Alhamisi, weka wikendi, weka labda Jumatatu ya sikukuu posta imefungwa, inaingia kwenye sanduku Jumatano, na mwenyewe anapiga shifti ya usiku kiwanda cha nyama, anarudi asubuhi amechoka analala, sanduku anakuja kufungua Ijumaa. Hapo zimebaki kama siku mbili na ni wikendi, na bado hajajua imeandikwa nini. Na ndani ya hizo siku 10 ndo kuna ile haki kubwa, kwamba ukiomba kusikilizwa (yaani kuupinga uamuzi) kabla hazijaisha unaweza kuendelea kupata msaada wako mpaka uamuzi utoke. Ukichelewa bado una siku 90 za kuomba kusikilizwa, ila unasubiri mikono mitupu.

Siwezi kusema hiyo haki haijaandikwa. Imeandikwa, iko huko nyuma kwa herufi ndogo. Nina barua moja hapa mezani ya jirani, amenipa ruhusa niitaje bila jina lake. Juu kulia kuna tarehe nzuri kubwa inayoonekana, na hiyo ni tarehe barua ilipochapwa tu. Ile ya kurudisha fomu iko ukurasa wa pili, katikati ya aya, imebanwa kati ya namba ya kesi na kifungu cha kanuni. Unajua watu wanafanyaje? Wanaona ile ya juu, wanasema aah hii imeshapita, wanaiweka pembeni na matangazo ya pizza.

Alafu kuna suala la lugha, na hapa sitazunguka. Fomu ya kuombea msaada inauliza nyumbani mnaongea lugha gani, na mngependa kuandikiwa kwa lugha gani. Watu wanajaza Kiswahili. Wengine wamejaza hivyo mara zote tangu watoke kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma, kila fomu, kila mwaka. Kwa hiyo kwenye kompyuta zenu imo, mnajua. Na barua inakuja Kingereza, kurasa na kurasa, alafu ya mwisho kabisa ni karatasi ya lugha nyingi, mstari mmoja kila lugha, Kihispania, Kivietinamu, Kiarabu, na sisi tumo, tunaambiwa msaada wa lugha ni bure piga namba hii. Asanteni kwa mstari. Lakini mtu anayeuhitaji huo mstari ni yule ambaye hawezi kuzipita hizo kurasa za kwanza, si ndiyo? Na akipiga hiyo namba anapokelewa na mashine inayosema Kingereza na Kihispania, anabonyeza bonyeza, anawekwa holdi, muziki, alafu dakika za kazini za mapumziko zinaisha anakata simu.

Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inasema anayepokea hela za serikali kuu asibague mtu kwa asili yake, na kwa miaka mingi hiyo imeeleweka kuwa ni pamoja na kumsaidia asiyejua Kingereza aelewe huduma anayopewa. Mkalimani ni bure, ni haki, mtu hatakiwi kuja na wake. Kiuhalisia mkalimani wetu ni mtoto. Jumapili baada ya ibada utakuta kijana wa darasa la sita amekaa na mama yake kwenye viti vya nyuma, simu imewekwa spika, yeye ndo anamwambia kesiwoka (yule afisa anayeshika faili lao) mama anapata dola ngapi kwa saa, kodi ya nyumba wamebakiza kiasi gani, baba yuko wapi na kwa nini hayupo. Mtoto anasikia mambo ambayo mama asingemwambia kabisa, na mama anaona aibu mbele ya mtoto wake mwenyewe. Kwa upande wa huduma za afya kanuni zimeshakataza kumtegemea mtoto kama mkalimani labda iwe dharura. Sasa hiyo kanuni inasaidia nini kama upande wa pili wa simu hakuna anayeuliza, samahani, naongea na mtu wa miaka mingapi?

Na usidhani haya ni mambo ya wahamiaji peke yao. Kumbuka Medicaid. Wakati wa Covid watu hawakutolewa, alafu ile kinga ikaisha Machi 31, 2023 na majimbo yakaanza kupitia kila mtu upya. Nchi nzima walitolewa zaidi ya watu milioni 25, na wengi wao hawakutolewa kwa sababu kipato kimezidi, walitolewa kwa makaratasi, fomu haikurudi, anwani ya zamani, barua haikusomwa. Milioni, Mheshimiwa. Wazungu waliozaliwa hapa hapa wa vijijini wamo humo, wazee wamo. Kilichonikera zaidi ni kwamba kwa wengi wao kanuni inatoa siku 90 baada ya kutolewa, ukirudisha ile fomu ndani ya hizo siku wanakuangalia upya bila kuanza maombi mapya. Nani alijua? Mimi nimekutana na watu wanaoacha dawa za presha kwa kuwa wameambiwa "kesi imefungwa", basi wakaamini imefungwa, na hizo siku 90 zikawapita wakiwa wamekaa nyumbani.

Sasa inakuja awamu nyingine na ndo maana naandika mapema. Sheria ya serikali kuu iliyosainiwa Julai 4, 2025 imegeuza mambo mengi kwa mpigo. Mkimbizi au mtu aliyepewa hifadhi ambaye hajapata grinikadi (kadi ya ukaazi wa kudumu) hastahili tena SNAP, na aliyekuwa anapokea anakutana nalo akifika kurinyu, yaani kukaguliwa upya kama bado anastahili. Kuanzia Oktoba 1, 2026 Medicaid nayo inawafunga wengi wa kundi hilo. Watu wazima mpaka miaka 64 wasio na mtoto chini ya miaka 14 wanatakiwa waonyeshe wanafanya kazi kama hawana sababu nyingine ya kuachiwa, la sivyo SNAP ni miezi mitatu tu ndani ya miaka mitatu. Alafu ikifika 2027, kwa majimbo yaliyopanua Medicaid ichukue watu wazima wengi zaidi wa kipato kidogo, hao walioingia kwa upanuzi huo watatakiwa kuonyesha saa 80 za kazi au shughuli inayokubalika kwa mwezi, na kurinyu kutakuwa kila miezi sita badala ya mwaka. Yaani bahasha mara mbili, fomu mara mbili, na karatasi za mshahara juu yake.

Hiyo sheria hukuiandika wewe, najua, na sikulaumu kwayo. Ila bahasha ni zako. Mtu mwenye grinikadi aliyekuja kama mkimbizi bado anaweza kustahili, lakini kama kesiwoka hana nakala ya kadi yake kwenye faili anaonekana kama hana, na barua ya kumwambia alete nakala ndo hiyo hiyo ya Kingereza yenye tarehe iliyojificha. Atakatwa mtu anayestahili, kwa karatasi moja.

Tena wewe mwenyewe sasa hivi una sababu ya hela. Gharama za kuendesha SNAP zilikuwa nusu kwa nusu na serikali kuu, kuanzia Oktoba 2026 jimbo linabeba asilimia 75. Na kuanzia Oktoba 2027 jimbo ambalo makosa yake ya malipo yanafika asilimia 6 linaanza kuchangia hela ya chakula yenyewe, mpaka asilimia 15. Makosa hayo mengi si wizi, ni mtu hakuelewa kwamba ovataimu inatakiwa kuripotiwa, au aliripoti na haikuingizwa. Barua ikieleweka makosa yanapungua, na watu hawajazani kwenye foleni za ofisi kuuliza barua inasemaje, alafu kesiwoka naye anapumua kidogo, maana hao nao tunawaona, wamezidiwa.

Kwenye hita nitasema kifupi. LIHEAP, ule msaada wa bili ya hita, ni programu ya tangu 1981, hela inatoka Washington na kila jimbo linapanga lini linafungua, na mara nyingi hela ikiisha imeisha hata kama msimu haujaisha, anayewahi ndo anapata. Mwaka 2025 serikali kuu ilipofungwa kwa kukosa bajeti kuanzia Oktoba 1 mpaka Novemba 12 hela ilichelewa, na SNAP ya Novemba nayo ikayumba, watu wakawa hawajui nini kiko wazi nini kimefungwa. Kwetu habari ilizunguka kwa audio za WhatsApp, nyingine za kweli nyingine uongo mtupu, na matapeli hapo hapo wakaanza kutuma meseji eti kadi yako ya EBT (ile inayowekwa hela ya SNAP) imefungwa bonyeza hapa uifungue. (Na ukiibiwa kupitia hiyo kadi siku hizi, serikali kuu hairudishi tena, ilikoma na wizi wa Desemba 20, 2024.) Kwa hiyo kabla dirisha la maombi ya hita halijafunguliwa tupeni tarehe wiki kadhaa mapema, na mtupe kwa sauti. Dakika moja ya Kiswahili, mtu wa jimbo anaongea, linafunguliwa lini, linafungwa lini, lete bili, lete kitambulisho, lete uthibitisho wa kipato, na ofisi yenu haitakuomba namba ya siri ya kadi kwa meseji. Hiyo audio itafika makanisani, misikitini na viwandani siku hiyo hiyo bila nyie kulipa senti.

Wakati tunasubiri, kwa wanaosoma hii na sio gavana: fomu ya SNAP unaweza kuiwasilisha ikiwa na jina, anwani na sahihi yako tu, mengine utamalizia baadaye, na siku zako zinaanza kuhesabiwa siku hiyo. Usikae nayo nyumbani ukisubiri mwenye nyumba akupe barua. Ofisi ina siku 30 kukujibu, na kama hali ni mbaya sana na huna karibu chochote uliza kuhusu ile ya haraka ya siku 7. Ukipiga 211, namba ya kuulizia misaada, sema tu neno "Swahili" na usubiri, usimpe mtoto simu.

Mheshimiwa, nasikia kubadilisha mfumo wa kompyuta wa jimbo ni gharama na miaka. Sawa, basi anza na karatasi moja ya juu. Karatasi moja ya Kiswahili inayowekwa mbele ya barua yoyote inayoenda kwa familia iliyojaza Kiswahili, ina vitu vinne: hii ni ya programu gani, unatakiwa ufanye nini, mwisho lini, ukikosa nini kinatokea. Zile kurasa nyingine ziacheni zilivyo. Na mkiandika msiachie mashine itafsiri alafu mkachapa hivyo hivyo, kwetu wapo walimu na wakalimani wenye vyeti wanaoendesha forklifti sasa hivi, wapeni rasimu waisome kabla, na mwalipe.

Jibu tunaliomba kabla ya Oktoba 1.

Ni mimi mkazi wa jimbo lako, mlipa kodi, na msomaji wa barua za majirani.