Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Lamu

Assalaam aleykum, mama zangu na dada zangu.

Mwaka huu tulikutana kila mwezi isipokuwa Ramadhani. Hesabu atazisoma mweka hazina mwenyewe, nami sitamwingilia. Nitasema tu kwamba ada zinachelewa, na wanaochelewesha wanajijua.

Kazi yetu kubwa ilikuwa vikao vya kuwasoma wanawake waliovumbua na kujenga vitu. Wapo waliouliza tutafaidi nini na habari za wanawake wa Ulaya na Marekani waliokwisha kufa. Swali hilo halikurudi tena baada ya kikao cha Martha Coston, maana wengi wetu tuna waume na watoto baharini. Mumewe Coston alifariki mwaka 1848, akaacha karatasi za mpango wa fataki za kupeana ishara usiku kati ya meli na meli. Mpango wenyewe ulikuwa haujakamilika. Martha alihangaika nao karibu miaka kumi, akizungumza na mafundi wa fataki, mpaka zikapatikana rangi tatu za kuonekana mbali: nyekundu, nyeupe na kijani. Hataza, yaani hati ya serikali ya kulinda haki ya mvumbuzi, ikatolewa mwaka 1859. Mvumbuzi aliyetajwa humo ni marehemu mume, na Martha ameandikwa kama msimamizi wa mirathi! Ukumbi mzima uliguna. Jeshi la majini la Marekani lilizitumia fataki hizo katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na hataza yenye jina lake mwenyewe aliipata mwaka 1871.

Wenzetu wa Shela walimpenda zaidi Hertha Ayrton wa Uingereza. Ile mistari ya mchanga tunayoikanyaga maji yakipwa, yeye aliichunguza, akaeleza namna maji yanayokwenda na kurudi yanavyoijenga. Mwaka 1902 alipendekezwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London, chama cha wanasayansi, wakamkataa kwa kuwa ni mke wa mtu. Mwaka 1904 alisimama mbele yao akasoma utafiti wake juu ya mchanga huo, mwanamke wa kwanza kusoma kazi yake pale, na mwaka 1906 wakampa Nishani ya Hughes. Uanachama hawakumpa.

Kutokana na habari hizo, kamati imeamua tufungue daftari letu. Aliyebuni mshono wa kofia, aliyepata njia yake ya kusuka mkeka au kutia rangi ukili, aliyegeuza jiko likala kuni chache, ataandikwa kwa jina lake, kazi yake na mwaka. Tusimwandike mtu kama mke wa fulani. Najua wapo watakaoona haya kujitaja. Basi jirani amtaje.

Nimalizie na maji. Mji wetu unategemea maji yaliyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na sote tunajua ladha ya kisima kilichoingia chumvi. Mária Telkes, Mhungaria aliyehamia Marekani, alibuni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia chombo cha plastiki cha mabaharia waliozamiwa na meli: jua linapasha maji ya bahari, mvuke unapanda, unageuka matone juu ya plastiki na kuchuruzika ukiwa maji matamu. Mwaka 1948 alishirikiana na msanifu majengo Eleanor Raymond kujenga nyumba ya kupashwa joto kwa jua huko Dover, Massachusetts. Hiyo sisi hatuihitaji hata kidogo.

Chombo cha maji tulikijaribu kwa sanduku lililopakwa rangi nyeusi ndani, na kioo juu kilicholazwa mshazari. Maji ya mwanzo yalinuka gundi, ya baadaye yakatulia. Ni machache, hayatoshi nyumba, ila kwa betri za boti yanafaa. Tunataka kutengeneza la pili kubwa zaidi. Mwenye kioo cha dirisha kisichotumika asikitupe, amletee katibu kabla ya kaskazi kuanza.